Aliyeandika Maagizo Haya Alitia Mkono Wake Humo?

Leo tuzungumzie washa. Naam, washa, ile pete bapa ya chuma inayokaa chini ya nati, ile ambayo mafundi wa Grogan huiangusha vumbini kisha wakaitafuta kwa kupapasa. Ni kitu cha bei ndogo sana. Lakini tarehe 20 Agosti 2007, katika uwanja wa ndege wa Naha, kisiwani Okinawa, Japani, washa moja iliyokosekana iliteketeza ndege nzima.

Ndege hiyo ilikuwa Boeing 737-800 ya China Airlines, shirika la Taiwan. Ilikuwa imekwisha kutua salama na kuegeshwa, ikiwa na watu 165. Mafuta yakavuja kutoka bawa la kulia, moto ukawaka, watu wakateremka mbio kwa slaidi za dharura. Wote 165 walitoka hai, tumshukuru Mungu. Ndege ikabaki majivu na mabati.

Kulikoni? Ukingo wa mbele wa bawa la ndege una vibawa vidogo vinavyosukumwa nje wakati wa kuruka na kutua, kisha vikarudishwa ndani. Kila kibawa hutembea kwa reli, na mwishoni mwa reli kuna kizuizi kilichofungwa kwa bolti na nati. Reli ikirudi ndani, mwisho wake huingia katika kijumba cha chuma kilichochomoza hadi ndani ya tangi la mafuta. Wiki kadhaa kabla ya ajali, mafundi waliagizwa waifungue nati ile na kuikaza upya ili isije ikalegea. Katika kazi hiyo hiyo washa ya upande wa nati ikapotea. Bila washa, tundu lilikuwa kubwa kuliko nati, kwa hiyo kizuizi kizima kikachomoka na bolti ikaangukia ndani ya kijumba. Siku ile ya Naha, reli iliporudishwa, iliisukuma bolti hadi ikatoboa ukuta wa tangi.

Yaani kazi iliyoagizwa ili kuzuia hatari ndiyo iliyoileta hatari!

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nishike kalamu. Wachunguzi wa Japani hawakuishia kusema "fundi alikosea" na kufunga faili. Waliandika kwamba nati ile ilikuwa mahali pagumu kufikika, na kwamba si mtengenezaji wa ndege wala shirika lenyewe lililotilia jambo hilo maanani ya kutosha wakati wa kuandaa maagizo ya kazi. Wakaongeza kwamba fundi na msimamizi wake nao hawakuripoti ugumu huo kwa waliowatuma.

Hebu rudia kusoma hapo. Aliyeandika maagizo hakufikiria vya kutosha ugumu wa pale mkono unapoingia. Aliyeingiza mkono hakusema. Na baina yao pakapotea washa.

Hoja yangu ni hii, na sitaizungusha: maagizo ya matengenezo ya ndege ambayo yamesomwa tu bado hayajajaribiwa. Na kwa kuwa teknolojia ya kuyajaribu kwa mkono, ndani ya tarakilishi, kabla hata ndege haijaundwa, imekuwapo tangu miaka ya 1990, kuyaachilia yatoke bila jaribio hilo ni uzembe. Usiniambie ni ugumu wa kazi. Ni uzembe.

Kusoma si kuendesha

Mimi ni mwandishi wa programu. Sijawahi kukaza nati ya ndege na sijifanyi fundi wa ndege. Lakini maagizo nayajua, maana programu si kitu kingine ila maagizo. Na kanuni ya kwanza tuliyofundishwa chuoni ni kwamba msimbo uliosomwa na watu kumi bila kuendeshwa hata mara moja, una hitilafu. Huna haja ya kuniuliza ziko wapi. Ziko.

Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi, nisiyotaka kuitaja, ilikuwa na mwongozo wa kusakinisha programu wenye saini tatu za wakubwa. Hatua ya 7 ilihitaji faili ambalo lilitengenezwa katika hatua ya 12. Wakubwa wote watatu walikuwa wameusoma na kuupitisha. Hakuna aliyekuwa ameufuata. Tukakesha usiku kucha na seva. Huo ni mwongozo wa seva, na seva haianguki kutoka angani.

Sasa tazama jinsi tasnia ya ndege inavyohangaika na maneno. Tangu mwaka 1986 kuna Kiingereza maalumu kilichorahisishwa kwa ajili ya miongozo ya ndege, ambacho leo kinajulikana kwa jina la ASD-STE100. Kina kamusi yake ya maneno yapatayo 900. Neno moja, maana moja. Sentensi ya kuagiza isizidi maneno 20. Ni kazi nzuri, na wanaofaidika zaidi ni watu kama mafundi wetu, ambao Kiingereza walikutana nacho darasani. Siipingi hata kidogo.

Lakini hebu tuulizane: sentensi ya maneno 4, safi, isiyo na utata, inayosema "Ondoa nati na washa", inasaidia nini ikiwa nati iko nyuma ya bomba, mkono ukiingia jicho halioni, na spana ina nafasi ya kuzunguka nyuzi 20 tu? Sentensi imefaulu mtihani wa lugha. Mtihani wa mkono haukufanywa.

Kuna kiwango kingine cha kimataifa, S1000D, kinachoeleza namna ya kuhifadhi miongozo ya ndege katika faili za XML. Kwa sisi waandishi wa programu ni kitu cha kuvutia. Kila kipande cha mwongozo hubeba maelezo yake, na mojawapo ni jinsi kilivyohakikiwa. Unaweza kuandika kwamba bado hakijahakikiwa. Unaweza kuandika "tabtop", maana yake kimehakikiwa mezani, watu wameketi na kukisoma. Unaweza kuandika "onobject", maana yake kimefanywa juu ya kitu chenyewe. Au vyote viwili.

Uhakiki wa mezani! Nawaheshimu wataalamu walioandaa kiwango hiki, na wamefanya vyema kuweka wazi tofauti hiyo. Lakini kiwango kinakubali kwamba mkutano wa watu wenye vikombe vya chai ni aina mojawapo ya uhakiki. Mezani hakuna bomba la kukuparuza kiwiko. Mezani washa haianguki.

Mkono ndani ya tarakilishi

Zamani kulikuwa na kisingizio. Ili ujaribu maagizo kwa mkono ulihitaji ndege, au mfano wa ndege uliotengenezwa kwa mbao na chuma. Maagizo huandikwa wakati ndege bado iko kwenye michoro. Basi wakasema, tufanyeje? Tusome kwa makini.

Kisingizio hicho kilianza kufa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pale MIT, Marekani, mwanafunzi Thomas Massie na mtafiti Kenneth Salisbury walitengeneza kifaa walichokiita PHANTOM. (Massie ndiye yule aliyeingia Bunge la Marekani mwaka 2012.) Ni kama mkono mdogo wa roboti uliowekwa juu ya meza. Unashika ncha yake kama unavyoshika kalamu, na unapoisogeza, kitu kilichomo kwenye tarakilishi nacho husogea. Kikigusa ukuta usioonekana, mota zinasukuma mkono wako nyuma. Unahisi ukuta. Hakuna ukuta!

Ugumu wake uko hapa. Jicho hudanganyika upesi: ukilionyesha picha 24 au 30 kwa sekunde, linaamini kitu kinatembea. Mkono ni mjanja zaidi. Ili uamini kwamba umegusa chuma, tarakilishi lazima ikokotoe nguvu ya mguso takriban mara 1000 kwa sekunde. Yaani una milisekunde 1 tu ya kujua spana imegonga nini, wapi, kwa kina gani, na irudishwe kwa nguvu kiasi gani. Ukichelewa, chuma kinahisi kama ugali, au kifaa kinaanza kutetemeka mkononi kama mgonjwa wa malaria.

Sasa fikiria umbo la ndege lenye mamilioni ya pembetatu. Utaipitia kila pembetatu katika milisekunde 1? Haiwezekani. Mwaka 1999, watafiti watatu wa Boeing, William McNeely, Kevin Puterbaugh na James Troy, walichapisha suluhisho ambalo mimi huliona zuri sana kwa jinsi lilivyo rahisi. Wanaikata nafasi yote kuwa vijisanduku vidogo vya mchemraba, vinavyoitwa vokseli. Kila kijisanduku kinaandikiwa mapema kama ni hewa tupu, kama ni uso wa kitu, au kama kiko ndani ya chuma. Kisha kile kitu ulichoshika, tuseme spana, kinageuzwa kuwa wingu la nukta zilizotapakaa juu ya uso wake. Kila milisekunde unauliza kila nukta: uko katika kijisanduku gani? Nukta iliyozama kwenye uso wa kitu inasukumwa nje, na kadiri ilivyozama ndivyo inavyosukumwa kwa nguvu zaidi. Jumlisha misukumo yote, tuma kwa mota. Basi!

Umeona uzuri wake? Mzigo wa hesabu unategemea idadi ya nukta za spana, si ukubwa wa ndege. Na hawakuficha kusudi lao: walitaka kujua kama sehemu za ndege zinaweza kuunganishwa na kutengenezwa kabla hazijatoka kiwandani.

Kule Hispania nako, mjini San Sebastián, kituo cha utafiti cha CEIT kilishirikiana na ITP, watengenezaji wa injini za ndege, wakajenga kifaa kikubwa zaidi cha mguso walichokiita LHIfAM na kukieleza katika makala ya mwaka 2004. Chenyewe hutembea kwenye reli, ili fundi asimame na kunyoosha mkono kama anavyofanya mbele ya injini halisi, kwa vipimo halisi. Shabaha yao ilikuwa kupunguza ile mifano ya injini inayojengwa kwa gharama kubwa ili kujua tu kama mkono unafika.

Kwa hiyo, wenzangu, tusidanganyane. Hesabu ziko. Vifaa viko. Michoro ya tarakilishi iko tangu Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1994, ilipobuniwa yote kwa programu ya CATIA. Ninachodai ni kwamba kipimo hiki kisiishie kwenye umbo la sehemu. Kiende hadi kwenye maneno. Hatua ya 1, fanya. Hatua ya 2, fanya. Kwa mkono, kwa mpangilio ule ule ulioandikwa, na spana ile ile iliyotajwa.

Watakaobisha

Najua watakaobisha, na wana haki ya kujibiwa.

Wa kwanza watasema: tunayo michoro ya pande tatu, tunaizungusha kwenye skrini na tunaona wazi kila kitu. Ndiyo, mnaona. Shida ni kwamba mnaona kupita kiasi. Kwenye skrini unaondoa bomba kwa kubofya kipanya, unaingia ndani ya bawa kama jini, unaitazama nati kutoka upande ambao hakuna binadamu atakayewahi kusimama. Fundi hana kipanya. Ana kichwa kisichopenya kwenye tundu la ukaguzi, na tochi aliyoibana kwa meno. Kuna kazi ambazo jicho limefungwa kabisa na kidole ndicho kinachotazama. Huwezi kupima kazi ya kidole kwa kutumia jicho.

Wa pili watasema: mafundi wana uzoefu, watajua la kufanya. Hoja hii inanitia hofu kuliko zote, kwa sababu tumeona inakofikisha. Tarehe 25 Mei 1979, ndege ya American Airlines aina ya DC-10 iliangusha injini yake ya kushoto ilipokuwa ikiruka kutoka O'Hare, Chicago. Watu 271 waliokuwa ndani walikufa wote, pamoja na 2 waliokuwa chini. Mtengenezaji alikuwa ameagiza kwamba injini ishushwe kwanza, kisha mhimili unaoishikilia kwenye bawa. Shirika, lenye mafundi wazoefu, lilibuni njia yake: kushusha injini na mhimili kwa pamoja, vikiwa vimebebwa na foko. Sehemu za kufungua zilipungua kutoka 79 hadi 27. Ziliokolewa takriban saa 200 za kazi kwa kila ndege. Mezani, nani angepinga hesabu hiyo?

Lakini foko haina vidole. Dereva wake hahisi chuma kinapogusa chuma. Wiki 8 kabla ya ajali, katika kazi ya namna hiyo, ukingo wa mhimili uligonga sehemu ya bawa ukapata ufa. Mguso mmoja ambao hakuna mkono ulioupokea. Mwaka 1979 hapakuwa na tarakilishi ya kuwaonyesha wale mafundi jinsi nafasi ilivyokuwa finyu na jinsi kosa dogo la foko lingegeuka kuwa kani kubwa. Leo ipo. Shirika likibadilisha utaratibu leo bila kuujaribu hivyo, lisiniletee habari za uzoefu.

Wa tatu watasema ni ghali. Ghali kuliko nini? Kuliko 737 nzima iliyoungua mbele ya jengo la abiria? Na wala sidai kila ukurasa upitiwe. Kubadilisha balbu ya taa ya kusomea hakuhitaji roboti. Nadai yale maagizo yanayofanyika mahali ambapo mkono unafika na jicho halifiki, na ambapo kitu kikianguka hakitaonekana tena.

Wa nne ndio ninaowaheshimu zaidi. Watasema simulesheni nayo hudanganya. Kweli kabisa. Vifaa vingi vya mguso vinatoa nguvu ya newtoni chache tu, haviwezi kukupa ugumu halisi wa chuma. Vingi vinakupa mpini wa kifaa mkononi, havikupi vidole vitano vyenye grisi. Havijui kutu, baridi ya hanga saa tisa usiku, wala uchovu wa zamu ya pili. Kwa hiyo simulesheni ikisema kazi haiwezekani, mwamini, kaandike upya. Ikisema inawezekana, usimwamini bado. Mpelekee fundi wa kweli kwenye ndege ya kweli. Ni chujio, na chujio halijawahi kuwa chai. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayelitupa chujio kwa sababu hiyo.

Basi tufanyeje?

Mimi nadai mambo matatu.

La kwanza, kiwango kipate neno jipya. Kando ya uhakiki wa mezani na uhakiki wa kwenye kitu chenyewe, pawe na uhakiki wa mkono katika simulesheni, ukionyesha ulifanywa na mikono ya ukubwa gani, mdogo na mkubwa, yenye glavu na isiyo na glavu. Na kwa kazi za mahali pasipoonekana, neno "mezani" lisikubalike peke yake.

La pili, majaribio yajirudie. Sisi kwenye programu, ukibadilisha mstari mmoja, majaribio yote yanaendeshwa upya yenyewe usiku. Mhandisi akisogeza bomba kwa sentimita 2, kila agizo linalopita jirani na bomba hilo lipoteze muhuri wake mpaka lijaribiwe tena. Faili za XML zipo, michoro ipo, kuziunganisha ni kazi ya watu kama mimi na wewe.

La tatu, na hili halihitaji roboti hata moja: ugumu uwe na pa kuripotiwa. Kumbuka Naha, fundi na msimamizi walijua kazi ni ngumu na hawakusema. Programu yoyote nzuri ina mahali pa kuripoti hitilafu. Mwongozo wa ndege uwe na mahali pa fundi kuandika "hapa mkono haufiki", ripoti ifike kwa mwandishi, na mwandishi alazimike kujibu. Fundi anayeripoti asionekane mvivu.

Usidhani haya ni ya Japani na Marekani tu. Kenya Airways hurusha 737-800, aina ile ile iliyoungua Naha. Mwezi ule ule wa Agosti 2007, Marekani ilitoa agizo la dharura la kukagua ndege za aina hiyo, na maagizo kama hayo ndiyo yanayofuatwa na mafundi duniani kote, wa Embakasi wakiwemo. Mwandishi wa maagizo yuko Seattle, mkono uko Nairobi. Washa ikianguka, atakayeitwa kujieleza kwanza ni mwenye mkono, kwa sababu saini iliyo kwenye karatasi ya kazi ni yake.

Ndiyo maana nawasihi wasimamizi wa usafiri wa anga, wetu wakiwemo, wasiishie kumuuliza fundi kama alifuata maagizo. Hilo ni swali la haki, lakini liwe la pili. Swali la kwanza aulizwe mwandishi: kabla hujamtuma mtu humo, ni mkono wa nani ulitangulia?

Akikosa jibu, maagizo yarudi kwake. Ndege isubiri.